Simba Aliposema "Naona"

Ulikuja ukame, ukame wa kuwafanya vyura waulizane maji yana rangi gani. Mito ilikauka, na mwitu mzima ukabaki na kisima kimoja tu: kile alichokichimba Bi Digidigi kwa kwato zake ili mwanawe asife kwa kiu.

Fisi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona cha mwenzake akakiacha, alikwenda barazani kwa Simba akadai kisima ni chake.

"Mimi nilikiona kwanza, ndotoni," alisema. "Huyu alichimba tu."

Simba alipenda haki, lakini aliipenda zaidi sauti yake mwenyewe. Hata kabla ya kuwasikiliza mashahidi, alitikisa manyoya ya shingo akasema, "Naona Fisi amekonda, maskini. Naona mwenye kiu kama yeye si vibaya akilala kando ya maji. Haya, hukumu nitaitoa jioni." Akaenda zake kulala.

Fisi hakungoja jioni. Alikimbia akajitandaza kwenye mdomo wa kisima. Bi Digidigi alipofika na mwanawe, alipokewa na meno.

"Shemeji, rudi nyumbani. Mfalme ameshaona!"

"Ameona, hajaamua."

"Mfalme akiona, imekwisha. Kuona kwake ndiyo sheria."

Bi Digidigi aliwaka hasira. Kwato zake zilikuwa bado na vidonda vya kuchimba, na mtoto alikuwa ameanza kulamba mchanga. Lakini hasira haimpi digidigi meno, basi alimwendea Sungura akamweleza yote.

"Kumbe Fisi siku hizi ni mwanasheria!" Sungura alicheka. "Twende."

Walimkuta Simba anajikuna mgongo.

"Shikamoo, Mfalme. Umelalaje?"

"Marahaba. Vibaya! Mawe haya yananichoma mbavu."

"Pole sana. Ungepata ngozi laini ya kutandika, kama ile ya Fisi?"

Simba alipiga miayo. "Naona ingenifaa. Ina madoa mazuri."

Sungura alishukuru, akamwomba aje kutoa hukumu kisimani penyewe. Akawaita na wanyama wengine, akatangulia mbele akinoa kisu.

"Bwana Fisi, vua!"

"Nivue nini?"

"Ngozi. Mfalme ameona itamfaa kwa kutandika."

Fisi alimgeukia Simba. "Mfalme, umesema hivyo kweli?"

"Nimesema naona," alijibu Simba.

"Aa, jamani!" Fisi aliruka kutoka kisimani. "Hayo si maoni tu? Maneno ya kupita! Kuona siyo kuhukumu! Hukumu ni mpaka Mfalme aseme 'naamuru'!"

"Hebu rudia," alisema Sungura, "huku nyuma hawakusikia."

Fisi alirudia kwa sauti kubwa zaidi. Wanyama walipoanza kucheka, ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Simba alikohoa kwa aibu, maana ulimi wake ndio ulioleta balaa lote. "Basi sikilizeni. Naamuru: kisima ni cha Bi Digidigi. Fisi atakunywa wa mwisho, tena baada ya kuomba kwa adabu."

Bi Digidigi hakusubiri hotuba iishe. Alikuwa ameshamsogeza mwanawe kwenye maji, na mtoto akanywa mpaka tumbo likajaa, mama analia kwa furaha. Fisi alikunja mkia akasimama nyuma ya wote, kila anayempita akimwambia: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.