Miwani ya Mama Kindi

Hapo zamani za kale, na anayetaka kucheka acheke mapema maana kisa hiki mimi kinanikera, Mama Kindi alilima matuta mawili kando ya mto. Tuta la mbele lilikuwa la nyanya chungu, nyeupe pee. La nyuma lilikuwa la nyanya nyekundu, chakula cha wanawe.

Nyanya zikiiva tu, puu! puu! Kiboko huyo. Jitu zima, lina nguvu zake, halina haya! Nyanya chungu alizijua kwa weupe wake, akazipita. Nyekundu alizizoa zote, gwa! Watoto wa Kindi wakalala njaa.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," Kindi alimwambia siku moja. "Niachie japo za wanangu."

"Wanao wakajilimie!"

Mnausikia ufedhuli huo?

Kindi akaenda kwenye lori bovu lililotupwa barabarani, akabandua vioo vyekundu vya taa za nyuma, akavifunga kwa waya. Miwani hiyo! Kiboko alipokuja tena, akamkuta ameivaa, imemfunika uso mzima.

"Lete hiyo!"

"Jamani, Mzee, chukua chochote ila miwani yangu!"

Akampokonya, akaivaa. "Lo! Mbona majani yako meusi?"

"Yamekukasirikia."

"Na nyanya zimeiva mpaka tuta la mbele!"

"Hizo ni nyanya chungu, Mzee. Usije ukanilaumu."

"Mwongo wewe! Naziona nyekundu kwa macho yangu!" Akazoa tuta zima, gwa! Akatafuna. Machozi yakamtoka.

"Ptu! Ptu! Chungu! Umeziroga!"

"Sijaroga kitu. Vioo ni vyekundu, hata cheupe utakiona chekundu. Vua uone!"

"Nivue ili uichukue? Thubutu! Nikichukua nimechukua!"

"Basi kaa nayo, mwizi mkubwa wewe!"

Hakuivua. Akalitazama tuta la nyuma, akaliona jekundu kama lile lile la mbele. Akaogopa hata kuonja. Akateremka mtoni, anatema mate njia nzima, na miwani puani.

Mpaka leo akifika shambani kwa Kindi anapita kando. Watoto wa Kindi wanakula nyanya mpaka zinawachuruzika kidevuni, na wanastahili.

Haya, wanangu: ukivaa miwani ya kupora, usimlaumu mwenye shamba kwa rangi unazoziona.