Mbuna Mgeni na Mafiga Matatu

Ndugu zangu, fungeni Biblia kidogo, wekeni kidole msipoteze mstari. Leo nina umbea. Msinikunjie uso, ni umbea wa samaki, na samaki hawaendi kushtaki kwa mchungaji.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, katika mji mmoja huku juu penye baridi, mbali na ziwa. Jina lake nalijua, silisemi, na nyie msianze kuhesabu nyumba. Mama huyu alikuwa na tangi la kioo sebuleni kwake, refu kama hilo benchi la mbele, na ndani yake mbuna watano. Mbuna mnawajua, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoishi kwenye miamba, wana rangi kama khanga ambayo haijafuliwa hata mara moja. Aliwatunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Maji ya bomba aliyalaza kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuwapa, ile dawa ya bomba ipungue makali. Kila Jumamosi alipunguza robo ya maji ya zamani akaongeza robo mapya, hakuzidisha. Chakula alikipima kwa ncha za vidole. Na katikati ya tangi kulikuwa na rundo la mawe, na katika pango kubwa la rundo lile aliishi dume mmoja mnene wa mistari, ambaye mama alimwita Mwenyekiti.

Mwenyekiti hakuwa na kazi yoyote. Alikaa mlangoni pa pango lake akiangalia nani kapita. Mnacheka nini?

Mama huyu alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe alikuwa machimboni, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Binti alikuwa na miezi saba pale. Mvivu hakuwa, na mdomo hakuwa nao. Kosa lake lilikuwa moja, na alilifanya siku ya tatu baada ya harusi: alisogeza figa.

Jikoni kule uani kulikuwa na mafiga matatu. Aliyeyaweka ni mama mkwe wa huyu mama, marehemu, na tangu ayaweke hakuna mkono uliowahi kuyagusa. Siku ile upepo ulikuwa unamletea binti moshi machoni, akasogeza figa moja, kiasi cha kiganja tu. Mama alitoka, akaona. Aliinama akalirudisha figa lile mahali pake likiwa bado na moto, kwa mikono yake, huku anamtazama binti usoni. Vidole viliungua, hakuvipuliza.

Tangu siku hiyo binti alikalia kigoda karibu na mlango wa jiko, moshi unamfuata, na kila kitu aliuliza kwanza. Nitumie sufuria ipi, mama. Nikate vitunguu vingapi, mama. Na yule mama moyoni akasema, afadhali, amefundishika.

Basi binti alikwenda kwao ziwani kusalimia, akarudi Jumapili na ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu. Ndani yake mbuna mmoja wa buluu, buluu ya kukuumiza macho. Zawadi ya shangazi yake, yule aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Na pamoja na zawadi, ujumbe: Jumapili ijayo shangazi anakuja mwenyewe, amwone binti anavyoishi, na samaki pia.

Hapo mama akaanza kuhesabu siku. Nyie mnajua mambo ya wakwe. Zawadi yenye uhai ikifia nyumbani kwako, iwe kuku au mbuzi, watu hawaulizi ilikuwa na ugonjwa gani. Wanauliza wenye nyumba wana roho gani. Mama alikuwa na siku saba za kumfikisha samaki yule Jumapili akiwa hai.

Alimzoesha vizuri, nisimsingizie. Alimchanganyia maji ya tangi kikombe kwa kikombe asije akashtuka, ndipo akamwachia. Mgeni akaogelea mpaka kwenye mawe, akachungulia shimo la kwanza. Mwenyekiti akamjia kama risasi. Akachungulia shimo la pili, Mwenyekiti huyo. La tatu, akatolewa na wale wengine wanne, maana mkubwa akishaonyesha njia wadogo hawakosi ujasiri.

Jumatatu asubuhi mama alimkuta mgeni juu kabisa pembeni, nyuma ya bomba la pampu ya hewa, mapezi ameyakunja, mkia umechanika. Hali chakula. Akishuka kidogo anarudishwa mbio.

Mama akafikiri njaa ndiyo inayomtia Mwenyekiti ukali. Akamlisha mara mbili, mara tatu. Mwenyekiti akashiba, na alipokwisha kushiba akapata nguvu za kumfukuza mgeni vizuri zaidi. Chakula kilichobaki kikaozea chini, na Jumanne maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Jirani akapita, akatazama, akatoa hukumu kwamba mgeni ndiye mwenye mkosi, atolewe. Mama akamtoa, akamweka kwenye ndoo siku mbili, akapunguza yale maji machafu. Tangi likatulia. Alhamisi akamrudisha, na balaa likaanza upya, kali kuliko la kwanza, kwa sababu sasa alikuwa mgeni kwa mara ya pili. Jioni ile jicho lake moja lilikuwa na ukungu.

Zilibaki siku tatu. Mama hakula. Kila baada ya dakika chache alikwenda kwenye kioo na kuinama. Na kila alipoinama, nyuma yake, kwenye mlango wa uani, binti naye alisimama akitazama samaki wa shangazi yake, kitenge amekishika kifuani, wala haingii sebuleni mpaka aitwe.

Ijumaa asubuhi mama akajifunga kitenge akaenda sokoni kwa fundi mmoja anayetengeneza redio na kuuza samaki wa mapambo. Akamweleza yote. Akamweleza na habari ya zamani, kwamba aliwahi kuwawekea mbuna samaki mmoja wa dhahabu, mwenye mkia kama gauni la harusi, wakamnyofoa mkia akafa siku ya pili. Akauliza kama na huyu ndiyo vilevile, hawapatani, amwondoe tu yaishe.

Fundi hakuinua macho kwenye redio yake.

"Yule wa dhahabu, mama, hata ungewafungia maombi wasingekaa pamoja. Yeye mpole, hawa wana mbio. Yeye wa maji ya baridi, hawa wa maji ya vuguvugu. Lakini huyu wa buluu ni wa ziwa lilelile, mwamba uleule, chakula kilekile. Huyu ni ndugu yao."

"Sasa mbona wanamuua?"

"Ugomvi si wa samaki. Ugomvi ni wa mawe. Kila jiwe kwenye tangi lako lina mwenyewe, mgeni ataweka wapi ubavu? Leo kabla jua halijazama toa mawe yote. Yote, usibakize hata moja la kumbukumbu. Yapange upya kwa namna nyingine kabisa, ongeza na mapango mawili. Yule mkubwa akirudi atakuta hana nyumba. Wote watakuwa wageni. Mgeni hampigi mgeni, anatafuta kwanza pa kulala."

Mama alirudi karibu anakimbia. Akamwita binti ashike ndoo. Akachomoa pampu, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuyatoa mawe moja moja, yanachuruzika maji na ukoga. Mwenyekiti alizunguka palipokuwa pango lake kama mzee aliyepotelewa na miwani. Binti akauliza kwa sauti ya chini kwa nini anatoa yote. Na mama, kwa raha ya mtu aliyejifunza jambo jipya, akamweleza kama vile ni maneno yake mwenyewe.

"Mwanangu, mgeni hawezi kuishi mahali ambapo kila jiwe lina mwenyewe. Lazima wenyeji nao wahamishwe kidogo, kila mmoja aanze upya. Hapo ndipo watapatana."

Binti akatazama maji kwenye ndoo.

"Kumbe," akasema.

Halafu akasema tena, taratibu, bila kuinua macho.

"Mama, basi na lile figa la uani nilisogeze kidogo? Upepo wa mwezi huu unaleta moshi mlangoni."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa na jiwe mkononi, limelowa, na maneno yake yenyewe yalikuwa bado hayajakauka mdomoni. Alifikiri? Hakufikiri.

"Figa liache lilipo," akasema. "Nipe hilo jiwe bapa."

Wakapanga. Wakawasha pampu. Samaki wote sita wakatawanyika kwenye mawe mapya kama watu waliohamia mtaa mpya, huyu anachungulia hapa, yule anajaribu pale. Mwenyekiti alimfukuza mgeni mara moja, halafu akasahau, akaenda kutafuta nyumba. Jumamosi asubuhi mgeni alikuwa ameshuka. Mchana akala. Jioni alikuwa na pango, dogo lakini lake, na alipopita Mwenyekiti akamtolea kichwa nje, na Mwenyekiti akazunguka. Mama alilia kwa furaha peke yake pale kwenye kioo. Alijua kesho hataaibika.

Jumapili shangazi akaja. Mwanamke mfupi, mkono wake mgumu kwa kusuka nyavu. Akapelekwa moja kwa moja kwenye tangi. Akaona buluu yake inang'aa, jicho safi, mkia unaanza kuota upya. Akasifu, akatania kwamba samaki amenenepa kuliko alivyokuwa kwao, mjini kuna nini. Mama akamsimulia habari yote ya mawe, kwa madoido, na jinsi kila mmoja ilibidi awe mgeni. Shangazi akatikisa kichwa. "Umefanya kazi ya akili, mkwe." Mama akahisi mzigo wa wiki nzima umeteremka mabegani.

Shangazi akaaga kidogo, akapita uani kumsalimu binti yake aliyekuwa anapika. Mama alibaki sebuleni, masikio yapo uani, kama ambavyo yangekuwa yangu na yako. Alisikia shangazi anaonja mchuzi. Alimsikia anasema haujakolea, ongeza chumvi. Akamsikia binti anajibu.

"Ngoja nikamuulize mama."

Akasikia mwiko unawekwa chini.

Shangazi aliporudi sebuleni hakukaa. Alisimama mbele ya tangi, akamtazama yule wa buluu, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Mkwe, samaki nakuachia. Huyu mwingine narudi naye."

Mama akainuka nusu. Akauliza wamemkosea nini, kwani kapigwa, kwani katukanwa, kwani kanyimwa chakula.

"Hamjampiga," shangazi akasema. "Ana miezi saba ndani ya nyumba hii, na anaomba ruhusa ya chumvi."

Binti akatoka na begi moja. Hakulia wala hakugombana. Akamuaga mama kwa heshima zake zote, akapiga goti kama alivyolelewa, akatoka nyuma ya shangazi yake. Mama akabaki sebuleni na samaki wake sita wanaopatana. Kule uani mchuzi ulikuwa unaungulia juu ya mafiga matatu, kila figa mahali pake.

Sasa nawaona mnavyoegemea mbele. Mnataka kujua kama alirudi. Nami napenda habari kuliko nyie wote, lakini hiyo sijaletewa. Ninachojua ni hiki: kutoka huku juu mpaka ziwani ni mwendo wa siku moja, na anayepaswa kusafiri si binti.

Tuyaache ya mama yule. Sisi je? Si tunaimba hapa kwamba wote wakaribie? Si tunasalimia wageni kila Jumapili, wanasimama, tunawapigia makofi matatu, wanakaa? Wanakaa wapi? Maana benchi la pili upande wa dirisha lina mwenyewe. Ufunguo wa stoo ya vikombe una mwenyewe. Sauti ya kwanza kwenye kwaya ina mwenyewe, hata kama mwenyewe sauti ilishamtoka siku nyingi. Tunamwambia mgeni neno zuri kabisa, lenye hekima ya fundi, kisha akiomba kusogeza kajiwe kamoja kiasi cha kiganja, tunamwambia liache lilipo. Na tunashangaa kwa nini anasimama pembeni, mapezi kayakunja, na Jumapili ya nne hayupo. Tunasema, hakuwa na imani. Hapana. Hakuwa na pa kuweka ubavu.

Nyuma kule karibu na mlango kuna mama ambaye amekuwa akisali nasi tangu wakati wa kupanda mahindi, na sasa tumeshavuna. Msigeuke kumtazama, nawajua. Nani hapa anajua jina lake? Nani amewahi kumwachia asogeze kitu?

Basi mahubiri yangu yameisha, imebaki kazi. Kila mmoja achukue Biblia yake na mkoba wake, asimame, ahame. Nyie wa mbele nendeni nyuma. Wa dirishani njooni ukutani. Mama mwenye ufunguo wa stoo, uweke hapa mezani, nimeuona. Nami kiti hiki changu chenye mto, cha miaka kumi na minne, nakiacha.

Mama wa mlangoni, njoo ukae hapa. Wala usimuulize mtu.