Neno Lililorudisha Msitu wa Tegat

Nawatupia hadithi, mwenye mikono aidake. Mapema niwaambie kwamba hii haina sungura wala fisi wa kumcheka. Ina watu watatu na neno moja baya, na kila nikiisimulia watu huondoka wamenuniana. Mkinuniana leo, shauri yenu.

Watu hao watatu kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Tapkigen, bibi wa Kiogiek aliyezaliwa ndani ya msitu wa Tegat. Kipawa chake kilikuwa kukumbuka. Mzinga gani ulitundikwa kwenye mtarakwa gani, nani aliuchonga, nyuki waliuhama lini na wakarudi lini, yote alikuwa nayo kichwani. Ukibishana naye kuhusu mpaka atakutajia mizinga kumi na saba kutoka uliposimama hadi mtoni, na jina la mwenye kila mzinga, mpaka uombe msamaha mwenyewe.

Wa pili ni Sigilai, mjukuu wake. Kipawa chake kilikuwa kusoma, na sisemi kusoma kwa kubabaisha. Karatasi iliyoliwa na mchwa, mwandiko wa mtu aliyekufa zamani, wino uliofifia, yeye aliyasoma hayo kama mnavyosoma nyinyi bei ya sukari. Alikuwa karani katika jumba la kuhifadhi nyaraka mjini. Siku ya kuandikwa kazi fomu ilimuuliza kabila, naye akaandika kabila la jirani, lile kubwa ambalo hakuna anayelicheka. Akakaa humo miaka tisa, ametulia tuli.

Wa tatu ni Parmuat, mfugaji wa Kimaasai kutoka uwanda ulio chini ya msitu. Kipawa chake kilikuwa kuaminiwa. Parmuat akisema ng'ombe huyu ni wa fulani, kesi imekwisha, hata kama fulani ni adui yake. Hakujulikana kusema uongo, na alizeeka hivyo hivyo.

Sasa hilo neno lenyewe. Ni Ndorobo. Wapo hapa waliolisikia, na wapo waliolitamka bila kujua wanatamka nini. Lilitoka kwa wafugaji, na maana yake ni mtu asiye na ng'ombe, fukara. Wageni walipokuja na vitabu vyao wakaliandika kana kwamba ni kabila. Waogiek wana jina lao, lakini ni nani aliyewauliza?

Tapkigen alikutana nalo akiwa binti mdogo, mtoni, amebeba asali mgongoni na koo limemkauka. Akainama anywe. Kijana mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe akamzuia kwa fimbo, akamwambia Ndorobo hunywa baada ya ng'ombe. Wenzake wakacheka. Tapkigen akangoja ng'ombe wamalize, akanywa tope. Kijana huyo alikuwa Parmuat.

Tangu siku hiyo hakuitika neno hilo. Sokoni mtu akiuliza, "We Ndorobo, asali bei gani?" yeye alitazama mbele tu mpaka mtu aseme mama, na asiyesema mama alirudi kwake bila asali. Watoto wake aliwafundisha hivyo hivyo. Neno lisilo jina lako, aliwaambia, usiligeuzie shingo. Aliyegeuka alichapwa. Nao wakawafunza watoto wao, hata Tegat nzima ikawa na shingo ngumu, na wao wakajivunia. Parmuat alimsalimu huyu bibi sokoni miaka sitini, kwa jina lake zuri kabisa, na miaka sitini hakujibiwa. Tapkigen aliamini kwamba yule mtu alikwisha kusahau, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Basi akatokea tajiri wa mbao akautaka msitu wote. Akasema ni pori tu, halina wenyewe. Watu arobaini wa Tegat, ndio watu wazima wote waliobaki humo, wakapeleka kesi kwenye baraza la ardhi, na wakaambiwa wazi: mkishindwa, mtahama kabla ya mvua za vuli.

Siku ya kesi wakafika asubuhi na mapema, wakaketi kwenye nyasi nje ya baraza. Tarishi akatoka mlangoni akaita, "Wandorobo wa Tegat!" Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Mmoja akaomba ugoro kwa mwenzake. Akaita mara ya tatu, akarudi ndani, na kwenye daftari ikaandikwa kwamba walalamikaji hawakufika. Walipokuja kuuliza zamu yao ni saa ngapi, mwenyekiti alikuwa anavaa koti. Chekeni, lakini wao hawakucheka. Tapkigen alisimama pale uani, akijua ni mafundisho yake yaliyowakalisha kwenye nyasi.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Akawapa siku moja tu nyingine ya kusikilizwa, mwezi mmoja mbele, na akawaeleza anachotaka. Kwanza, maandishi ya zamani yanayoonyesha kwamba msitu ulikuwa na wenyewe. Pili, shahidi wa nje asiyefaidika na kesi, athibitishe kwamba wanaotajwa humo ndio hawa. Tatu, mlalamikaji mwenyewe akubali kwa kinywa chake kwamba ndiye anayetajwa. Kimoja kikikosekana, vingine viwili ni bure.

Sigilai alizipekua nyaraka wiki tatu. Akaipata barua ya mtawala mmoja wa zamani, kipande cha katikati kimeliwa, ikisema msitu wa Tegat hadi mtoni ni wa "Wandorobo wa mizinga" na usiguswe. Ili apewe nakala yenye mhuri ilibidi ajaze fomu, na fomu iliuliza ana uhusiano gani na watu hao. Mwishowe akaandika, "Ni watu wangu." Kufika adhuhuri ofisi nzima ilikuwa inajua. Mwenzake wa meza ya pili, waliyekula naye chakula cha mchana miaka tisa, akamwita Ndorobo kwa mzaha. Kesho yake akamwita tena, na mzaha haukuwapo. Kwa kuwa alidanganya kwenye fomu ya kwanza, kazi ikaota mbawa. Akarudi kwa bibi yake na nakala ile ndani ya bahasha.

Parmuat hakuombwa na mtu. Nani angemwomba? Tajiri wa mbao ndiye aliyemfuata, akamwahidi kwamba akinyamaza tu, ng'ombe wake watalisha kwenye majani ya ukingo wa msitu kiangazi chote. Mwaka ule uwanda ulikuwa umekauka kabisa na wanawe walimsihi anyamaze. Siku ya baraza akaja peke yake, akasimama, akasema hivi: "Neno hilo ni letu. Mgeni alimuuliza babu yangu ni nani wanaokaa kule juu, na babu akacheka akamjibu kwa tusi, na mgeni akaandika. Lakini watu aliowaonyesha kwa fimbo ni hawa. Na mimi mwenyewe nilimwita hivyo huyu mama mtoni, akiwa mtoto, na alikuwa na kiu." Kiangazi hicho alizika ng'ombe thelathini na mmoja, na wanawe mpaka leo humsalimu kwa kumtazama begani.

Tapkigen alisikia maneno hayo akiwa kwenye benchi la mbele. Kumbe hakusahau. Alitaka kukasirika, akakuta hasira haiji, na kutokuja kwake kukamchanganya. Hakupata hata nafasi ya kupumua, kwa sababu wakili wa tajiri alisimama.

Wakili huyo alikuwa na akili, tumpe haki yake. Alisema barua ni nzuri na shahidi ni mzuri, lakini barua hiyo inawataja Wandorobo, na hawa siku ya kwanza waliitwa kwa jina hilo mara tatu hawakuitika. Wanasema wao ni Waogiek. Basi ardhi ni ya Wandorobo, nao waende wakatafute ya Waogiek. Akaomba tarishi aite tena, kama siku ile, na baraza lione kama kuna atakayesimama.

Tarishi akaenda mlangoni. "Wandorobo wa Tegat!"

Nyuma ya Tapkigen walikuwa wameketi wanawe na wajukuu wake, wote aliowachapa kwa neno hilo, na hakuna aliyethubutu kusogea kabla yake. Alijua wanaitazama shingo yake. Alijua pia kila mtarakwa wa Tegat, na mizinga iliyo juu yake, na waliozikwa chini yake. Sigilai akamwinamia akamnong'oneza, "Kogo, bibi yangu, ukikaa, sisi sote tutakaa. Hatutakulaumu." Hilo lilimuumiza kuliko angeambiwa asimame.

Tarishi akaita mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu Tapkigen akageuza shingo, akainuka, akasema, "Niko hapa." Wengine thelathini na tisa wakainuka. Akaitaja mizinga yote kutoka lango la msitu hadi mtoni, na alipomaliza mwenyekiti akapiga mhuri. Msitu ukarudi. Watu walimbeba juujuu mpaka barabarani, naye alilia njia nzima, na haikuwa furaha.

Wiki ile ile aliwakuta vitukuu wake wakicheza nyuma ya nyumba. Mmoja alimwita mwenzake Ndorobo. Tapkigen akaokota fimbo. Mtoto akamwangalia bila hofu, akamjibu, "Lakini Kogo wewe uliitika." Bibi akaiweka fimbo chini, akaingia ndani.

Ngojeni, bado hatujafika penye ugomvi.

Hati ya ardhi inataka jina. Koo saba za Tegat kila moja ilikuwa na kipande chake chenye jina lake, lakini sasa vipande vyote saba vimekuwa ardhi moja, na kuchukua jina la ukoo mmoja ni kuchokoza sita. Wakakubaliana ardhi yote iitwe kwa jina la mtu aliyeirudisha. Ndiyo zawadi kubwa waliyokuwa nayo: jina lako kwenye hati na kwenye ramani, na watoto wakiulizwa wanatoka wapi, wakutaje wewe.

Mpima ardhi akaja na karatasi zake. Akawaambia hawezi kurudi na mstari mtupu. Wakishindwa kukubaliana kabla hajaondoka, sheria inamtaka aandike jina lililomo kwenye barua ya zamani. Yaani Ndorobo. Kwenye ramani, milele.

Wakawatoa nje Sigilai na Parmuat, wakaanza. Wa Sigilai wakasema bila barua hata baraza lisingefunguliwa, na kijana amekosa kazi kwa ajili yao. Wakajibiwa kwamba miaka tisa alijificha kwenye kabila la watu. Je, ardhi iitwe kwa jina la aliyewakana? Wa Parmuat wakasema yeye hakuwa na la kupata, amezika ng'ombe wake, na aliyekosa akakiri mbele za watu ni nadra kuliko asali nyeupe. Wakajibiwa kwamba kilichowatesa kilitoka kinywani mwake, na leo alipwe kwa kukitema? Wa Tapkigen wakasema yeye ndiye aliyetoa kitu kisichorudi. Hao wakajibiwa na Tapkigen mwenyewe. "Mtanikumbuka kwa siku gani?" aliuliza. "Kwa miaka sitini nisiyogeuka, au kwa siku niliyogeuka?"

Wakahesabu mikono. Sigilai kumi na tatu. Parmuat kumi na tatu. Tapkigen kumi na tatu. Waliokuwa na haki ya kuamua ni arobaini, maana Sigilai alihesabiwa wa mjini, na wa arobaini alikuwa Tapkigen, ambaye alikuwa hajainua mkono. Wakamgeukia. Amchague mjukuu aliyeona haya kuwa damu yake. Amchague aliyemnywesha tope. Au ajichague mwenyewe, na kila mtoto wa Tegat akilitaja jina lake akumbuke nani aliitika.

Mpima ardhi akatazama saa, akafungua kalamu, akauliza, "Mama, niandike nini?"

Msinitazame mimi. Aliyenisimulia aliishia hapo, nami nimemlaumu kwa hilo miaka mingi. Wewe hapo, ambaye jina lako hujawahi kunyang'anywa, na wewe uliyenyang'anywa ukanyamaza: kalamu iko wazi, na akikosa jibu anaandika Ndorobo. Mwambie aandike jina la nani?