Soda ya Tusajigwe

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana wapo hapa waliokuwepo na sasa wanajifanya kuangalia kucha zao, kijiji kimoja cha milimani kule Rungwe kiliingiwa na wazimu wa kware.

Mtu alinunua kware Jumatatu, akawauza Ijumaa kwa bei ya juu. Aliyenunua akamuuzia jirani, jirani akamuuzia shemeji, bei ikapanda tena. Mayai je? Walisema ni dawa ya presha, ni dawa ya sukari, lakini majumbani mwao walikaanga ya kuku. Ikawa desturi pia: ukiuza kware, unawanunulia wenzako soda. Asiye na kware alikunywa huku akijiona mjinga.

Tusajigwe alikuwa na banda lililojaa. Siku moja alipeleka mayai kwa Ambakisye, mfanyabiashara aliyewaleta kware hao kijijini na aliyenunua mayai yao, akisema anayapeleka hotelini mjini. Akakuta stoo imejaa trei mpaka mlangoni, na harufu haikuwa nzuri.

"Kaka, hoteli zimeacha kuchukua?"

Ambakisye alifunga mlango kwanza. "Hazijawahi kuchukua, dada. Nanunua ili bei ya ndege isishuke. Nimeuza hadi shamba. Ukisema, tunaanguka wote leo. Ukinyamaza, huenda wateja wakapatikana."

Tusajigwe alirudi nyumbani. Atawaambia watu, alijiambia, akishauza wake. Alijua anajidanganya, na akaendelea kujidanganya.

Hajakaa sawa, akaingia Sekela, wifi yake, mke wa kaka yake.

"Wifi, niuzie kware hawa wote. Hela ninayo."

"Umeipata wapi?"

"Nimeuza ng'ombe wa mama."

Mama huyo ndiye aliyemzaa Tusajigwe. Alikuwa amezeeka, meno yameisha, na ng'ombe alimkabidhi mkamwana wake amtunze. Maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula chake.

"Mama anajua?"

"Atajua nikimrudishia wawili. Maziwa yake nitanunua kwa jirani. Kware nakaa nao kidogo tu, halafu namuuzia mtu mwingine."

"Na huyo mtu mwingine atamuuzia nani?"

Sekela akacheka. "Hilo si lake, wifi?"

Tusajigwe alikaribia kumwambia habari za stoo, akapokea hela. Na kwa kuwa asingenunua soda watu wangeshtuka, akanunua soda. Sekela alikunywa ya chungwa na kumwombea baraka. Tusajigwe hakuimaliza yake.

Haikupita muda, Ambakisye akakosa hela ya kununua mayai. Siku hiyo hiyo kila mtu alitaka kuuza na hakuna aliyetaka kununua. Kware wakagawiwa bure, wakakataliwa. Wanawe Sekela waliwala mpaka wakawachoka, na hela ya kununulia maziwa ya bibi yao ikaisha.

Tusajigwe, Sekela na Ambakisye, wote watatu, wakakutana uani kwa mama kumweleza habari ya ng'ombe wake. Hakuna aliyetaka kutangulia mlangoni.

Ambakisye akasema, "Mimi niliwadanganya, sikatai, ila Tusajigwe nilimwambia ukweli. Lakini nilijidanganya pamoja nanyi, na sina hata pa kulima."

Sekela akasema, "Mimi niliuza kisicho changu. Na ningemtafuta mjinga mwingine, Mungu anisamehe. Lakini mimi sikujua. Mwenzangu alijua."

Wakamgeukia Tusajigwe. Yeye peke yake ndiye aliyetoka na hela, na hela ile ilikuwa tayari ni mabati juu ya nyumba yake, yanang'aa hadi barabarani.

"Mimi sikusema uongo hata mmoja," akasema. Alipoisikia sauti yake mwenyewe, aliona aibu, akatamani angebaki kimya.

Sekela akamwambia polepole, "Ulininunulia soda, wifi."

Tusajigwe akainamisha kichwa.

Ndani, mama akakohoa. "Nani hao hapo nje? Sekela, mwanangu, mbona leo maziwa yamechelewa?"

Haya, nyie mnaoangalia kucha, niangalieni mimi. Mama anangoja na kikombe chake mkononi. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kuingia kwanza?