Uji wa Matika

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyempenda na jirani aliyemdharau. Mtu huyo aliitwa Ndahani, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mkewe aliitwa Sechelela. Jirani alikuwa Matika, mjane aliyelea watoto wake kwa kuokota mabuyu porini. Unga wa ubuyu aliutia kwenye uji, mbegu alizikaanga, majani machanga ya mbuyu aliyapika mboga. Ndahani alikuwa amepiga marufuku ubuyu nyumbani kwake. Alisema hicho ni chakula cha watu walioshindwa.

Mvua zikakatika miaka miwili mfululizo. Mlenda ukakauka mashambani, ng'ombe wakaacha kutoa maziwa. Ghala la Ndahani lilikuwa limejaa, kwa hiyo nyumba yake ilikula ugali na maharage mchana na jioni, ikashiba. Mwezi wa tano fizi za Sechelela zilivimba, zikaanza kutoa damu. Meno yakalegea. Miguu ikajaa mabaka meusi, na kovu la zamani la moto likafunguka kama kidonda cha jana. Ndahani alinunua dawa za kila namna, hakuna iliyosaidia. Ndipo akawatazama watoto wa Matika, wamekonda lakini wanakimbizana uani, na moyo wake ukampa jibu baya.

Matika alileta uji wa ubuyu. Alisema mama yake aliwahi kuugua hivyo hivyo mwaka wa njaa, na uji huo ndio uliomwinua. Ndahani aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasubiri mgeni aondoke, akaumwaga nyuma ya nyumba. Siku tisa Matika alileta, na siku tisa Ndahani alimwaga. Sechelela alisikia harufu kali ya uji huo, akaomba japo funda moja. Mumewe akainama, akamnong'oneza, "Anayekupikia ndiye anayekuloga."

Hakuomba tena. Siku ya kumi alifariki.

Kabla matanga hayajaisha, binti yao Nyemo alitema damu. Ndahani akamkimbiza zahanati. Mganga alimfunua mdomo, akauliza nyumbani wanakula nini. Akasema ugonjwa huo huletwa na kukosa matunda na mboga za majani. Akashangaa watu wanaokaa katikati ya mibuyu wanaugua vipi namna hiyo.

Jioni hiyo Ndahani alisimama mlangoni kwa Matika, akaomba uji kwa ajili ya mtoto. Matika aliinjika sufuria. Alikoroga, akachuja, akamkabidhi, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, Baba Nyemo," alisema. "Kwa mama yake nilichelewa kuuleta."

Nyemo alipona. Ndahani yu hai mpaka leo, anapita mbele ya nyumba ile kila asubuhi, na maneno yale bado hajayajibu. Wewe unayemhukumu, ungeanzia wapi kumjibu?