Ufunguo wa Banda la Mbonea

Sogeeni karibu, na mwenye kuku nyumbani asogee zaidi, maana hukumu ya leo inamhusu.

Katika milima ya Upare, upande wa Usangi, ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, walikuwako ndugu watatu. Tuwataje kwa majina yao kamili, kama walivyotajwa siku ya ubatizo: Ndekirwa wa Mbonea, Namkunda wa Mbonea na Nietiwe wa Mbonea. Mbonea mwenyewe alikwisha fariki. Mjane wake, Nakijwa, alikuwa hai, na hakuwa mpole.

Ndekirwa, kifungua mimba, alijaliwa mikono. Mlango aliouunda yeye haukulia wala haukukwama, hata masika.

Namkunda, wa kati, alijaliwa macho. Watoto wa shule wakipita barabarani kwa kundi, wengine waliona kundi. Yeye alimwona yule wa nyuma aliyetoka kwao bila kula.

Nietiwe, kitinda mimba, alijaliwa ngozi. Baridi ilipokuwa bado ng'ambo ya bonde yeye alikwisha jifunga kanga ya pili, na akiingia chumba kilichofungwa aliweza kusema, "Hewa ya humu imechoka."

Mbonea aliwaachia banda la kuku wa nyama. Vifaranga vililetwa na Bwana Aminiel Kweka, wakala wa machinjio fulani ya Moshi. Wao walivilea, na vikikomaa yeye alivichukua. Banda lilikuwa na kufuli moja na ufunguo mmoja, nao ulining'inia shingoni mwa Mama Nakijwa.

Kundi lile la kwanza baada ya msiba, aliyepanga banda alikuwa Namkunda. Alilipanga kama nyumba ya mama yake: jiko la mkaa nyuma kabisa, ambako familia huota moto, na chakula karibu na mlango, ambako mgeni hukaribishwa. Kwa binadamu ulikuwa utaratibu mzuri. Lakini kifaranga hana mgeni. Vile vyenye nguvu vilikimbia mlangoni, vikala, vikarudi kuota moto. Vile dhaifu viliona safari ni ndefu na njia ina baridi, vikachagua moto na kuacha chakula. Muda si mrefu, banda moja likawa kama lina kuku wa marika mawili: wakubwa wenye vifua, na wadogo waliokanyagwa kila walipojaribu kupita.

Bwana Kweka alipokuja kukagua, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Mama Nakijwa, hili si kundi, hili ni soko."

"Wana afya," alisema mama.

"Afya siwakatalii. Mashine ya machinjioni imewekwa kipimo kimoja. Kuku mkubwa kupita kiasi inamchana, mdogo anapita chini ya kisu kama haonekani. Mimi nataka kundi lililolingana." Akawageukia wale ndugu. "Dawa yake ni nyepesi. Hawa wadogo wanyongeni leo. Watakaobaki watalingana."

Ndekirwa alikwisha anza kukunja mikono ya shati. Namkunda akapita mbele yake, akasimama kati ya Bwana Kweka na vifaranga.

"Bwana Kweka, hata shule inaweza kufaulisha wote, ikiwafukuza kwanza watakaofeli."

"Binti, mimi sikuja kwa mafumbo."

"Basi nisikie bila fumbo. Hawa hawakuzaliwa wadogo. Wamefanywa wadogo humu ndani, na aliyewafanya ni mimi, kwa nilivyopanga. Hutawanyonga kwa kosa langu."

"Na siku ya mizani nikiwakuta hivi?"

"Usituletee vifaranga tena. Banda libaki la popo."

"Wewe," alisema Ndekirwa kwa sauti ya chini, "banda la baba unaliweka rehani kwa ajili ya vifaranga vya mtu?"

"Ndiyo, kaka. Ukitaka kuwanyonga, anza na mimi."

"Shingo yako ngumu. Itanichosha bure."

Bwana Kweka alicheka, akakubali. Mama Nakijwa hakucheka. Alishika ule ufunguo shingoni.

"Nimechoka kufungua na kufunga," alisema. "Kundi hili likilingana, ufunguo nitampa yule aliyelilinganisha, na atakalosema yeye humu ndani ndilo litakalokuwa. Nitampa mmoja. Baba yenu hakuacha kufuli lenye funguo tatu."

Kazi ikaanza.

Namkunda aliingia na macho yake. Alichuchumaa kwenye maranda, akamwokota kifaranga mmoja mmoja, akampima kifua kwa kidole, akatenga wanyonge na wenye nguvu. Kila siku alirudia, kwa kuwa aliyekuwa wa kati jana leo aliweza kuwa wa nyuma. Wengine waliona weupe mtupu. Yeye aliwajua kama majirani. Lakini kutenga si kulisha. Alipowaweka wanyonge pembeni, ukingo wa vihori vya chakula ulikuwa juu ya vichwa vyao, na vyombo vya maji viliwapita.

Ndekirwa aliingia na mikono yake. Alinung'unika tangu asubuhi. "Mimi ningewanyonga, sasa hivi tungekuwa tunakunywa chai." Lakini mikono haikununa. Aligawa banda kwa mbao, akawapa wanyonge nafasi pana ili wasikanyagane, akawaundia vihori vifupi, akatundika maji kwa kamba ya kushusha na kupandisha, ili yafuate mgongo wa kuku anavyokua. Lakini kihori hakimwiti mwenye baridi. Wanyonge walijikunja kwenye kona, na chakula kikabaki.

Nietiwe aliingia na ngozi yake. Alilihamisha jiko la mkaa kutoka nyuma, akaliweka katikati, moto na chakula vikawa jirani. Ukungu ulipopanda alishusha maturubai, na hewa ilipochoka aliyapandisha kidogo, ili harufu ya mbolea itoke na joto libaki. Aligeuza maranda yaliyolowa yasiunguze nyayo. Kisha alitembea polepole katikati yao, akiwaamsha waende kula, kama mama anayeamsha watoto wa shule. Lakini joto peke yake ni usingizi tu. Kama si mbao za kaka yake, wakubwa wangelihodhi jiko. Kama si macho ya dada yake, asingejua ni nani wa kuamshwa.

Katikati ya kazi hiyo, kifaranga mmoja aliteleza, akavunjika mguu juu kabisa, pasipofungika. Alilala akihema. Namkunda alimkinga kwa viganja.

"Atapona."

"Hatapona, dada," alisema Nietiwe. "Unamtazama, lakini mimi nasikia anavyotetemeka. Nipe."

"Tulimwambia Bwana Kweka hanyongwi hata mmoja."

"Tulisema asinyongwe mtu kwa udogo wake. Huyu si mdogo, huyu anaumia."

Namkunda aligeuza uso. Nietiwe akamaliza kwa haraka, mkono haukusita.

Siku ya mizani, Bwana Kweka alikataa kupewa kuku wa mlangoni. Aliingia mwenyewe, akachagua kona hii na kona ile, akawaning'iniza mmoja mmoja. Mshale wa mizani ulipanda ukasimama, ukapanda ukasimama palepale. Akadhani mizani imekwama, akaigonga. Akaning'iniza mwingine. Palepale. Akageuza nyayo zao akazikuta safi, hazina jeraha.

"Mlinyonga wangapi?" aliuliza.

"Hesabu wewe mwenyewe," alisema Namkunda. "Kisha urudi Moshi uwaambie kwamba kulingana si lazima kuanzie shingoni."

"Binti, mdomo wako nao ungepimwa."

"Mizani yako haitatosha."

Kuku wakaondoka. Banda likafagiliwa, likaoshwa, likapumzishwa. Na asubuhi gari la Bwana Kweka lilipopanda tena mlima na masanduku ya vifaranga vipya, Mama Nakijwa alivua ufunguo shingoni, akasimama nao mbele ya mlango uliofungwa.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, mama," alisema Ndekirwa. "Bila mbao zangu, macho yangetazama na joto lingepotea. Tena nilifanya kazi nisiyoiamini. Anayefanya asichokiamini kwa ajili ya ndugu zake, huyo katoa zaidi."

"Ndiyo maana asipewe," alisema Nietiwe. "Akiachiwa ufunguo, kesho atakunja mikono ya shati. Nipe mimi. Niliyekaa nao ni mimi, na walipohitaji kulishwa niliwaamsha, na mmoja alipohitaji kupumzishwa nilimpumzisha. Dada anawapenda, lakini alishindwa."

"Wewe ndiye pekee uliyenyonga," alisema Ndekirwa.

"Na wewe ndiye pekee uliyetaka kuwanyonga wote."

Namkunda alikuwa akiutazama ufunguo mkononi mwa mama. Alijua jibu la kila mmoja wao dhidi yake: kwamba yeye ndiye aliyeweka moto nyuma na chakula mlangoni, na kwamba anayezima moto aliouwasha mwenyewe hapewi ng'ombe wa zawadi. Alijua pia kwamba bila neno lake siku ile, kusingekuwa na kazi ya mikono wala ya ngozi. Kungekuwa na shimo lililofukiwa nyuma ya banda.

"Mama," alisema mwishowe, "sikatai kwamba kosa lilikuwa langu. Mpe unayemtaka. Akipewa kaka nitamtii, akipewa Nietiwe nitamtii, kwa yote isipokuwa moja. Siku wadogo watakaponyongwa humu kwa sababu ya mizani, watanikuta nimekaa mlangoni, na mwenye ufunguo atanivuka akiweza."

"Huku ni kuomba au kutisha?" aliuliza mama.

"Pima mwenyewe."

Bwana Kweka alikohoa kando ya gari. "Mama Nakijwa, ukungu unapanda. Hawa nimkabidhi nani?"

Mama akanyoosha mkono, ufunguo katikati ya kiganja. Aliwatazama wanawe watatu, na hakumwona aliyepungua.

Haya, ninyi mlioketi hapa. Macho yalianzisha ukaidi, lakini yalianzisha na kosa. Mikono ilijenga, lakini moyo wake ulikuwa na Bwana Kweka. Ngozi ilihuisha, na ndiyo iliyoua mmoja. Ungekuwa wewe ni Nakijwa, ungempa nani ufunguo wa banda la Mbonea? Amueni, lakini msikawie. Mlango bado umefungwa, na vifaranga vimeanza kulia ndani ya masanduku.