Kilichomfanya Hondohondo Ajizibe Mtini

Mnaomsikia hondohondo leo akilia juu ya miti kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, jueni kwamba sauti ile siyo aliyozaliwa nayo. Ulikuwapo wakati, msitu ulipokuwa bado umeshikana matawi kutoka mlimani hadi mtoni, ambapo hakuna ndege aliyemfikia hondohondo kwa kuimba. Alipoanza asubuhi, hata nyuki walichelewa kutoka mzingani.

Na msitu ule ulikuwa na desturi yake. Hakuna aliyepiga makofi baada ya wimbo. Wimbo ulikuwa swali, na swali hujibiwa. Mwenye njaa aliimba njaa yake, na waliomsikia wakaondoka, wakarudi na matunda. Mfiwa aliimba msiba wake, na majirani wakaja kukaa naye. Aliyetaka mahali pa kulala alisimama chini ya mti wa mwenziwe, akaimba, akanyamaza, na mwenye mti akamwambia, "Karibu, keti." Basi, nyumba imepatikana. Aliyesikia wimbo akaenda zake bila kujibu, walimwona hakulelewa.

Huko ndiko alikozaliwa Sikudhani, hondohondo jike aliyesifiwa sauti na msitu mzima, na huko ndiko alikoolewa na Mbaruku, hondohondo mpole wa domo kubwa, asiyejua kuimba hata kidogo. Walikuwa ndio kwanza wamesafisha tundu la kutagia katika mvule wa kina Sikudhani, mti alimoanguliwa mama yake na bibi yake, moto ulipokuja. Uliingia na upepo wa kiangazi, ukala mlima, ukala mvule, ukashuka hadi majini. Waliosalimika waliteremka bondeni na masizi mwilini, wasijue waendako.

Kundi la Sikudhani lilikuwa dogo: yeye na mumewe, Paa, Nungunungu, na Kima, ambaye ndiye aliyekuwa mwepesi wa kusema.

"Sisi kuimba tunajua," Kima aliwaambia. "Kila tutakapofika tutaimba yaliyotupata. Nani atayasikia haya asitujibu?"

Hakuna aliyempinga. Kwa malezi yao, hilo halikuwa na mjadala.

Wakautunga mchezo wao njiani. Kima akawa manju, yaani kiongozi wa ngoma. Nungunungu akatikisa miiba yake ikalia kama kayamba. Paa, kwa miguu yake ile myembamba, akazicheza mbio za kuukimbia moto. Sikudhani akapewa wimbo wa mwisho, wimbo wa mvule. Aliimba jinsi mvua ilivyokuwa ikichelewa kufika chini kwa wingi wa majani, mtu akasikia inanyesha na bado amekauka. Aliimba ukingo wa tundu uliolainishwa na vifua vya mabibi zake. Alipomaliza, kundi zima lilipiga magoti na kunyamaza, likingoja jibu.

Mahali pa kwanza palikuwa mbuga ya pundamilia. Waliimba mchana kweupe, na pundamilia walilia. Kisha wakapiga kwato chini kwa kishindo, vumbi likapaa, na wageni wakatazamana kwa furaha. Hawakuwahi kusikia jibu kubwa namna ile! Paa akaanza kujitandikia majani. Nungunungu akachagua kichuguu. Pundamilia mmoja akawakodolea macho.

"Jamani, mbona mnatandika?"

"Si mmetuitikia?" Paa alisema.

"Tumewaitikia lini? Tumewapigia makofi tu. Mmeimba vizuri mno. Haya, safari njema."

Hebu fikirini. Mtu anakueleza nyumba yake imeungua, unalia mpaka makamasi yanakutoka, halafu unamtakia safari njema! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na si kwa pundamilia peke yao. Walipita kwa twiga, wakapita kwa viboko, na kila mahali walipokelewa kwa vigelegele, wakalishwa wakashiba, na wakaonyeshwa njia.

Kwa kuwa hawakukubali kwamba wenyeji ndio wenye kasoro, wakautafuta ubaya katika mchezo. Kima alikuwa wa kwanza.

"Dada, ule moto tuufupishe," alimwambia Sikudhani.

"Tuufupishe? Si ndio uliotutoa kwetu?"

"Najua. Lakini walioshiba hawapendi kuhuzunishwa sana. Na pale mwishoni tunaponyamaza, wanaanza kuinuka. Tutie ngoma pale."

Wakautia ngoma ukimya. Wakaweka na kichekesho cha Nungunungu kujichoma miiba yake mwenyewe. Mchezo ukanoga, sifa zikatangulia, wakawa wanaitwa hata na wasiowajua. Kima akajifunza kuinama mbele ya watu kwa madaha, mkono kifuani. Waliokuwa wakiomba nyumba waliutengeneza mchezo wao vizuri kiasi kwamba ombi lenyewe halikubaki ndani yake, na aliyelihisi pengo lile alikuwa Sikudhani peke yake. Mara nyingine aliimba macho yamefumba, akaunusa mvule baada ya mvua. Akiyafumbua, anakuta nyuso za watu wanaotafuna.

Naye sasa alikuwa na yai tumboni. Yai halingoji mtu amalize safari.

Wakafika kwa Mzee Nyati, mwenye bonde lenye mto na mwamba mpana uliofaa kuwa jukwaa. Kando ya mwamba ulisimama mkuyu mkubwa uliojaa matunda, na kifuani pa mkuyu palikuwa na tundu. Sikudhani aliingiza kichwa, akaingiza na mabega.

"Mbaruku, njoo uone. Ni kama nimepimiwa mimi."

"Mna mtu humo?"

"Hata buibui hayumo."

Akamwendea Nyati kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Naomba lile tundu la mkuyuni. Siku zangu zimefika."

"Marahaba, binti. Wewe imba kwanza. Hayo mengine tutayazungumza."

Akaimba. Aliimba kuliko alivyowahi kuimba, kwa sababu safari hii hakuwa akiimba mti wa kumbukumbu tu. Alikuwa akiuomba mti uliokuwa pale pale. Ngiri walipangusana machozi. Nyati mwenyewe alipiga kwato mpaka mwamba ukatetema.

"Rudia!" alisema. "Rudia pale pa mvule, pale sauti inapokatika."

"Mzee, niliomba tundu."

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. "Eee! Huyu anajua kuigiza!" Ngiri mmoja alimpiga mwenziwe kikumbo. "Umemwona alivyofanya uso?"

Sikudhani akamgeukia Kima, amsemee. Kima alikuwa ameinama mbele ya watu, mkono kifuani.

Hapo kitu kikamkatika ndani, na wala si sauti.

"Mnalia nini?" aliuliza, na safari hii hakuimba. "Mvule wangu umekuwa majivu, hakuna kati yenu awezaye kunirudishia. Lakini mkuyu si huu hapa? Hauna mtu. Mnaulilia mti msiouona, na huu mnaouegemea mgongo mnaninyima!"

"Binti," Nyati alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto, "mambo ya onyesho tusiyachanganye na mambo ya ardhi."

Sikudhani aliruka hadi ukingoni mwa mto, pale udongo ulipokuwa umekandwa na miguu ya waliokuja kumtazama, akajaza domo. Akaingia tunduni, akageuka, akaanza kuuziba mlango kutoka ndani. Mbaruku alikwenda mtoni akarudi na udongo, akaenda tena akarudi, na mkewe akaupokea na kuubandika kwa ubavu wa domo lake, hadi ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya domo tu.

"Mtoeni!" Nyati alifoka. "Hatujamaliza!"

Nani angemtoa? Nyati hapandi mti. Wakamsukuma Kima. Alipanda haraka, akaweka kiganja juu ya udongo uliokuwa bado mbichi. Kwa ngumi moja ungebomoka.

"Sikudhani, dada yangu, toka. Wimbo mmoja tu, kisha nitakuombea mimi mwenyewe."

"Kima," sauti ilitoka ufani, "mara ya mwisho kumwomba mtu nyumba ilikuwa lini?"

Kima akauondoa mkono, akashuka, akapita katikati ya watu bila kuinama.

"Basi imba humo humo!" uwanja ulipiga kelele. "Imba mvule!"

Ndani, gizani, yai lilikuwa likitoka. Sikudhani alifungua domo, na kilichotoka hakikuwa wimbo. Kilikuwa kilio, kirefu, cha kukwama na kuanza tena, sawasawa na cha mtoto mchanga anayemtafuta mama yake.

Makofi yalikufa mikononi. Swala jike aligeuka ghafla kumtafuta mwanawe. Mama ngiri akakimbilia kichakani. Nyati jike mmoja alimpita Mzee Nyati bila kumwangalia, akaenda kunusa ndama wake mmoja mmoja. Kila mama alikuta wanawe wazima, na kila mmoja akarudi polepole, akauinulia mkuyu kichwa, akaelewa ni mtoto wa nani anayeliliwa. Wakasimama wakiukingia mti migongo. Nyati aliwatazama wake wa bonde lake waliosimama vile, akakohoa, akaenda kunywa maji. Hakulizungumzia tundu lile tena.

Sikudhani alikaa humo siku nyingi. Alinyonyoa manyoya yake ya kurukia akamtandikia mwanawe, akawa hawezi kwenda popote, naye hakutaka kwenda. Mbaruku, yule asiyejua kuimba, alimletea matunda ya mkuyu na panzi, akamlisha kupitia ufa, akisimama kila mara kumweleza hali ya hewa. Mvua iliponyesha, Sikudhani alisikiliza inavyochelewa majanini. Alijaribu siku hiyo kuuimba wimbo wa mvule, polepole, kwa ajili yake mwenyewe. Maneno yote aliyakumbuka. Sauti haikurudi.

Kuanzia msimu ule mpaka huu wetu, hondohondo jike akitaka kutaga huingia tunduni, akajiziba kwa udongo, na dume humlisha kwa nje. Ndiyo maana wengine wao hulia kama watoto wachanga, na mama anayepita msituni akiwasikia hugeuka. Na ziko koo za hondohondo ambazo, makinda yakikua, mama huuvunja ukuta akatoka kusaidiana na mumewe kutafuta chakula. Hapo makinda yale, yasiyowahi kuona moto wala kusimama jukwaani mbele ya mtu, huokota makombo ya udongo kwa midomo yao midogo na kuuziba mlango tena kutoka ndani.